Simu Isiyopokelewa

Krii, krii. Kimya. Krii, krii tena.

Mlio huo wa simu ya mezani, ya ndani ya filamu moja, Sijaona Bwanali ameujua tangu mwaka wa kwanza wa ndoa, marehemu mumewe alipopandisha Newala deki ya video na kaseti moja isiyo na jalada. Siku hizi ana banda la video, na wateja wake, wanaomwita Mama Upendo, filamu hiyo huiita "ile ya koti." Akiiweka, nusu ya benchi huinuka kuondoka.

"Mama Upendo, hata ngumi moja hamna?"

"Hamna. Kaa."

Ni ya upelelezi, ya kigeni, ya miaka ya themanini, imejaa usiku na mvua. Mpelelezi mwenyewe, asiyevua koti lake refu, anaogopa giza. Amepanga chumba kwa dobi mmoja mwanamke ambaye mumewe amepotea, na anamtafuta mume huyo. Mwishoni anagundua kuwa aliyemuua mume huyo ni rafiki yake yeye mpelelezi, wa utotoni. Simu inalia. Anajua ni rafiki huyo. Anaitazama tu, chai inapoa kikombeni, hapokei. Kisha anasimama, anapiga pasi shati, filamu inaisha. Sijaona hajui Kiingereza, na miaka yote hiyo hajawahi kupotea njia ndani yake.

Deki ilipoanza kutafuna kanda, aliteremka Masasi kwa Cyril, kijana anayetafsiri filamu kwa kuzisemea juu kwa Kiswahili na kuziuza karibu na stendi, amhamishie kwenye flashi. Akarudi nayo Newala, akaiwasha mbele ya watu. Simu ilipolia, sauti ya Cyril ikaingia juu yake: "Mwanangu, huyo anapigiwa na mchepuko, anajifanya hasikii." Muziki ukafuata, na filamu ikakatikia hapo. Banda zima likacheka. Sijaona akazima, akawatoa wote nje.

Asubuhi yake alikuwa dukani kwa Cyril, Masasi, kaseti na flashi mkononi.

"Shikamoo mama," akasema Cyril.

Hakujibu. Wateja wawili waliokuwa wakichagua filamu wakainua vichwa. Huku kwetu shikamoo iliyoachwa hewani inaumiza kuliko tusi.

"Nani alikutuma useme?"

"Mama, si ndiyo kazi yangu? Pale kimya kilikuwa kirefu, nikakijaza."

"Kilikuwa shimo, mpaka ukijaze?"

Mteja mmoja akacheka. "Mtafsiri leo kapatikana."

"Na mwisho umeupeleka wapi?"

"Jamaa anapiga pasi tu, mama. Nikaona hauna maana."

"Ulimtazama akipiga?"

Cyril akakuna shingo. "Nilirusha mbele."

"Kwa hiyo umemsemea mtu hujamtazama." Sijaona akamnyooshea kaseti. "Mtu kanyamaza kwa uchungu, wewe unamwekea mchepuko. Watu wangu wamemcheka. Walikuwa wanaondoka, sawa, lakini hawajawahi kumcheka. Weka kaseti. Nakili upya."

"Lakini mama, hiyo ni saa nzima na..."

"Weka."

Cyril akaitia kaseti kwenye deki yake, akachomoa maikrofoni, akaunganisha waya, akabonyeza. Sijaona akavuta stuli, akaketi katikati ya duka kama mwenye nyumba. Wateja wale wawili hawakuondoka. Mvua ya kigeni ikanyesha kwenye kioo, dobi akalia, mpelelezi akawasha taa kila chumba alichoingia. Simu ikalia.

"Si apokee?" akauliza mteja mmoja.

Cyril akamnyooshea kiganja anyamaze.

Ikalia mpaka ikachoka. Ndipo yule mpelelezi akasimama, akapiga pasi kola ya shati, polepole, akirudia palepale palipokwisha nyooka. Cyril alikuwa ameinama karibu na kioo. Aliendelea kuinama hata picha ilipokwisha.

Akaichomoa flashi, akampa Sijaona kwa mikono miwili. Sijaona akaifunga kwenye pindo la khanga, akachukua kaseti yake, akatembea hadi mlangoni. Akasimama pale, hakugeuka.

"Marahaba," akasema, kwa sauti ambayo mtu wa nje asingeisikia.