Uji wa Moto na Mlima wa Ipogolo

Juzi nilipanda bodaboda kutoka Ipogolo hadi hospitali ya mjini Iringa, chupa ya uji mapajani. Kabla sijaiweka kanga yangu sawa, tumeshafika. Mlima ule, ndugu yangu, mimi niliujua kwa nyayo.

Miaka ya hamsini, enzi za Mwingereza, mdogo wake bibi alilazwa hospitali hiyo hiyo. Chakula cha wodini kilimshinda. Alitaka uji wa ulezi wa bibi, tena wa moto; ukipoa aligeukia ukutani, na alizidi kukonda. Basi nyumbani swali likawa moja: uji upande mlima kwa njia gani?

Kwa miguu bibi alifika, ila goti lilimlazimisha kupumzika kila penye kivuli. Punda wa jirani alikuwa na nguvu, lakini akiona nyasi nzuri safari imeishia hapo. Ikabaki baiskeli ya mjomba, nami niliona kama mgonjwa ameshapona.

Uji ukafika umepoa kuliko ule wa punda. Nilitaka sana kujua sababu, nikaomba nipakiwe kwenye keria. Kumbe kwetu kijana hamwamkii mzee akiwa juu ya tandiko. Mjomba alishuka, akainama, "Kamwene," akaulizwa habari za nyumbani, za mgonjwa, za mahindi. Akipanda tu, mzee mwingine huyo anakuja.

Bibi aliposikia alicheka mpaka akashika mbavu. "Mnahangaika bure. Nipakieni mimi."

Kesho yake alikaa kwenye keria, kibuyu cha uji kimeviringishwa kwenye kanga, mjomba akiikokota baiskeli mlimani, mimi nyuma nikikimbia. Sasa mkubwa alikuwa amepakiwa, hivyo watu ndio waliomwamkia yeye, naye aliitikia bila kushuka: "Marahaba, anaendelea, nitamfikishia."

Uji ulifika unafuka mvuke. Mgonjwa aliunywa wote, akaegemea mto. "Njiani mmeonana na nani?" Bibi akamtajia mmoja mmoja, na salamu zake. Nilifurahi hadi machozi yakanilenga.

Juzi aliyelazwa ni dada yangu. Uji ulikuwa wa moto hata ukamchoma ulimi. Akaupuliza, akanywa kidogo, akaniuliza, "Njiani umeonana na nani?"

Nikabaki nimeshika kifuniko cha chupa, natafuta hata mtu mmoja wa kumtajia.