Meno ya Jeli

Kwa miaka ishirini na nane hakuna pipi iliyotoka kiwandani bila kupita mdomoni mwa Bi Kionjo. Jina hilo alipewa na wafungaji wa pakiti, naye akalipokea kwa mikono miwili, maana kwake lilikuwa cheo. Alikuwa na meza yake, glasi yake ya maji ya uvuguvugu, na daftari la kuruhusu mizigo. Asipotia sahihi, lori haliondoki. Na kwa miezi mitano sasa alikuwa akitia sahihi bila kuonja chochote.

Si uvivu. Mafua makali yalimlaza wiki mbili, yakaondoka na pua yake na ulimi wake. Siku aliyorudi kazini aliweka kipande cha jeli ya limau mdomoni, akangoja. Akangoja tena. Ilikuwa kama kutafuna ufutio wa shule. Akaitikia kwa kichwa kama kawaida, akatia sahihi, kisha akaenda msalani akafungulia bomba ili asisikike akilia. Hakumwambia mtu, hata dada yake mkubwa aliyekuwa akiishi naye. Mwonjaji asiyeonja ataambiwa asante, kaa nyumbani, na yeye bila ile meza hakujua angekuwa nani.

Akabuni njia. Katika chumba cha kuonja watu wanne hukaa pamoja, kila mmoja anatia pipi mdomoni, na hakuna ruhusa ya kufungua kinywa mpaka Bi Kionjo aseme. Sheria hiyo aliitunga mwenyewe zamani, kwa sababu alichoka na watu wanaoropoka kabla ya kumeza. Sasa akawa anatumia ule ukimya kusoma nyuso. Mpishi wa sukari, waliyemwita Sufuria, hakujua kuficha kitu: ukali ukizidi, jicho la kushoto linajifumba lenyewe. Wenzake wasipokunja uso, Bi Kionjo anasema, "Sawa." Mambo yakaenda, siku hadi siku.

Ndipo meneja akaja na wazo la kufufua pipi za zamani, zile za maumbo: chupa ndogo za jeli, mayai ya kukaanga yenye ute wa povu na kiini cha jeli, ndizi za povu, na malkia wao wote, meno ya bandia, ufizi mwekundu na meno meupe, ambayo watoto waliyabana mdomoni na kuwatisha bibi zao. Watu wazima wanazililia hizo, meneja alisema. Wanataka utoto wao kwenye pakiti.

"Mama, wewe ndiye pekee uliyebaki unayezikumbuka," akamwambia. "Utuongoze."

Hapo mtu mwenye akili angenyamaza. Lakini kwenye pipi za maumbo Bi Kionjo hakuwa na breki. Alisimama mbele ya wapishi akatoa msimamo wake kwa kila kitu. Ndizi ya povu, ukiibonyeza kwa kidole, sharti irudi polepole. Inayorudi haraka ni sponji ya vyombo. Chupa inaliwa kuanzia shingoni. Mtu anayebandua kiini cha yai na kuacha ute hana malezi, na hilo hataki ubishi. Kuhusu meno akashusha sauti.

"Meno ya zamani hayakuwa matamu tu," alisema. "Yalikuwa na kitu. Ukiyatia mdomoni mara ya kwanza unashtuka. Kisha unayatafuta maisha yako yote."

Wapishi wakatazamana. Hakuna aliyeuliza hicho kitu ni nini, na yeye, alipojaribu kukikumbuka vizuri, hakukipata.

Trei ya kwanza ya meno ililetwa asubuhi ya Alhamisi. Yalikuwa yametoka kwenye pipa linalozunguka, pale jeli zinapopakwa mafuta kidogo zisigandamane. Yalimeta ajabu. Bi Kionjo akalishika moja kwenye mwanga, akalibonyeza, likarudi polepole kama alivyotaka, na moyo wake ukajaa. Macho hayakuwa yamemtupa. Akalitia mdomoni, akatafuna, akawatazama wenzake.

Jicho la kushoto la Sufuria likajifumba.

Likafumbuka. Sufuria alikuwa anamtazama yeye. Mfungaji wa pakiti alimeza kwa shida, kisha naye akamtazama yeye, na fundi wa mashine vilevile, wote watatu kama wanafunzi wanaosubiri jibu. Nyuso zao zilikuwa tupu. Bi Kionjo akahesabu hadi kumi. Kitu fulani kilimwambia aseme hapana, airudishe trei, asubiri. Lakini asubiri nini? Aseme nini?

"Ndiyo yenyewe," akasema.

Wote wakapumua. Sufuria akacheka, akapiga paja. Adhuhuri lori likaondoka na katoni za kutosha maduka kumi na mawili.

Bi Kionjo akabeba pakiti moja nyumbani. Dada yake, fundi cherehani aliyestaafu macho lakini si mdomo, alikuwa kibarazani anakata uzi kwa meno.

"Nimekuletea utoto wako, dada."

"Utoto wangu ulikuwa na adabu, hauwezi kuingia kwenye plastiki," dada akajibu, akatia moja mdomoni.

Akatafuna mara mbili. Akalitema kiganjani, akalinusa, akamtazama mdogo wake kwa muda mrefu.

"Mdogo wangu, haya umeyala wewe?"

"Nimeyaonja. Nimeyapitisha."

"Haya yana mafuta ya cherehani."

Bi Kionjo akataka kucheka. "Ndivyo yalivyokuwa, dada. Umesahau. Yalikuwa na ule mshtuko."

"Yalikuwa na mnanaa. Mimi nilichapwa kwa ajili ya yale meno, siwezi kusahau. Na mafuta ya cherehani nimeyanusa miaka arobaini." Akamsogezea kiganja puani. "Nusa."

Bi Kionjo akavuta pumzi. Hakupata kitu. Dada yake akaona, akashusha mkono.

"Tangu lini?" dada akauliza.

Bi Kionjo hakungoja kujibu. Alivaa viatu, mguu juu mguu chini akarudi kiwandani jua likiwa bado kali. Kando ya lile pipa la kuzunguka alikuta madumu mawili meupe yanayofanana. Moja lilikuwa la mafuta ya kula, limejaa, halijafunguliwa. La pili, la kulainishia mnyororo wa mashine, lilikuwa limebaki robo.

Ofisini aliwakuta meneja na Sufuria. Akasema yote kwa pumzi moja: madumu, pua, ulimi, mafua, miezi mitano. Meneja hakupandisha sauti, na hilo lilimwogopesha zaidi. Akampigia dereva, katoni zote zilikuwa zimeshashushwa. Kisha akalivuta daftari la kuruhusu mizigo na kuanza kufunua kurasa kurudi nyuma, mwezi baada ya mwezi, na kila ukurasa ulikuwa na sahihi ileile iliyonyooka.

"Na nyinyi?" akamgeukia Sufuria. "Hamkusikia ladha?"

"Tulisikia, bosi. Mimi nilitaka kutema." Sufuria alikuwa ameinamisha kichwa. "Lakini mama alishasema yanashtua. Tukadhani ndivyo yalivyokuwa zamani. Tukamtazama yeye."

"Na mimi nilikuwa nawatazama nyinyi," Bi Kionjo akasema.

Simu ya mezani ikalia. Meneja alikuwa ameganda kwenye kurasa zake, kwa hiyo Bi Kionjo akainyanyua. Upande wa pili alikuwa mwenye duka mmoja, sauti imejaa furaha.

"Kiwandani hapo? Jamani, hongereni! Yale meno, wazee wanalia machozi hapa. Wanasema ladha ni ileile ya utotoni, haijabadilika hata kidogo. Mna katoni nyingine?"

"Usiuze tena hata moja," Bi Kionjo akasema. Midomo ilikuwa imemkauka. "Waliokula ni wangapi?"

Mwenye duka akacheka.

"Mama, wamekula, wakanunua zaidi, wakapeleka kwa wajukuu. Mtaa mzima unatafuna."