Hewa ya Chumba cha Furaha

Nakumbuka asubuhi moja ya kiangazi, mwanangu, nilipotumwa kupima hewa katika chumba cha wagonjwa wa kifua kikuu, kwenye kituo kimoja cha afya kule Kilibula. Nilikuwa nimetoka chuoni karibuni, na kifaa cha kupimia kasi ya upepo nilikishika kama mtoto mchanga.

Muuguzi wa chumba kile, Furaha, alikuwa mjamzito. Daktari alisubiri vipimo vyangu ili aamue: hewa ikipita vizuri, Furaha abaki, isipopita, ahamishwe. Hewa iliyosimama ingeweza kumpa ugonjwa uleule wa wagonjwa aliowauguza.

Nilikuta madirisha ya upande wa mlima yamefungwa, mianya imezibwa kwa vipande vya vikwembe, vitenge vikuukuu. Nikavitoa, nikafungua yote, nikawaomba wagonjwa wanipishe. Upepo ukaingia. Nikapima kasi yake kwenye kila dirisha, nikakokotoa ni mara ngapi kwa saa hewa ya chumba kizima hubadilika. Matokeo yalikuwa mazuri, nikaona nimemaliza.

Mkuu wangu wa kazi, Mzee Kashindi, aliyekuwa amefuatana nami, hakuyatazama. Alimwendea mfugaji mmoja mzee kutoka nyanda za juu, mgonjwa aliyejikunyata kibarazani ndani ya blanketi, akamuuliza wao hulalaje.

“Mukishaenda, tutafunga,” akajibu kwa upole. “Hii upepo ya mulima iko na baridi. Hata ng'ombe zangu siwezi kuzilaza humu.”

Wenzake wakacheka, kicheko kikaishia katika kikohozi. Furaha naye alicheka, mkono wake ukiwa tumboni.

Mzee Kashindi akanigeukia. “Weye umepima chumba cha mu picha, mwanangu. Furaha hatumikake mu picha, anatumika mu chumba chenye kufungwa.”

Tuliwarudisha wagonjwa, wakafunga kama walivyozoea, tukapima upya. Safari hii moshi mwembamba tulioupuliza ili kuona mwendo wa hewa ulisimama kati ya vitanda, usawa wa uso wa Furaha, ukakawia kutawanyika.

Juma lile Furaha alihamishiwa chumba cha chanjo. Vitanda vikasogezwa mbali na madirisha ya mlima, mablanketi yakaongezwa, na matundu yakatobolewa karibu na dari ili hewa ipite bila kuwapiga wagonjwa. Tuliporudi kupima, yule mfugaji alikuwa amelala, na dirisha alikuwa ameliacha wazi kwa hiari yake.

Basi, mwanangu, utakayepima hewa ya maabara au ya wodi kesho, pima chumba kikiwa na watu wake, milango ikiwa kama wanavyoiacha, katika saa ya baridi yao. Usikipange kwanza ili tarakimu zikupendeze. Na ukimkuta mtu amefunga dirisha, muulize kinachomsumbua kabla ya kumlaumu. Jibu lake ni sehemu ya kipimo.

Mungu akupe macho ya kuuona moshi uliosimama, na ujasiri wa kusema kwamba umesimama. Akutunzie pumzi yako, na pumzi ya kila mama atakayeingia katika chumba ulichokipima.