Mtoto Aliyefumua Ukili Kila Nilipomsifu

Wewe mwenzangu ninayekuamini, hasa kama unalea au unafundisha, sogea nikwambie.

Kazi nilianzia Kisarawe, wakati huu huu wa Mwingereza, kufundisha wasichana kusuka mikeka. Kusoma nimesomea darasa la jioni nikiwa tayari na watoto wawili, lakini kusuka nilikujua tangu mdogo. Siku ya kwanza mwalimu mkuu, tukimwita Bi Mkubwa, alinikabidhi mzigo wa ukindu, majani ya kusukia, akasema, "Bibie, hapa hatuchapi. Mtoto msifu, atakwenda."

Nikasema bismillahi, nikasifu. Na kweli walikwenda.

Baadaye Bi Mkubwa alihamishiwa Kibaha, akaniomba nimfuate. Huko ndiko nilikomkuta Mwanahawa, mtoto wa miaka kumi na mmoja. Alichana ukindu kwa kucha, chane zote sawa, akasuka ukili, ule utepe mrefu unaoshonwa mpaka uwe mkeka. Umenyooka kama reli.

"Mashallah, Mwanahawa! Mikono yako ina baraka!"

Akaufumua wote. Kesho yake nikazidisha sifa, naye akafumua tena. Wenzake wakamcheka, "Fundi wa kufumua huyo!"

Bi Mkubwa akaniita. "Muhula unakwisha. Asiyemaliza mkeka, nafasi yake anapewa mwingine. Simpendelei mtu."

Nikamfuata mtoto kisimani. "Mwanangu, nimekukosea nini?"

"Hujanikosea, mwalimu. Dada yangu alisifiwa hivi hivi. Sifa zikafika kwa watu, wakaja kumposa, baba akamtoa shule. Sasa anasukia kwa mume."

Kumbe mimi kila siku nilikuwa namtangaza!

Nikamweleza Bi Mkubwa, na tangu hapo sifa nikaziacha. Nilikaa karibu na Mwanahawa nikasuka ukili wangu. "Hebu nitazamie, mbona unapinda?"

Akautazama. "Umekaza upande mmoja. Na wewe ndiye mwalimu!"

"Ndiyo maana nakuuliza."

Akacheka. Siku ile hakufumua, wala siku zilizofuata.

Siku ya ukaguzi mama za wasichana walijaa uwanjani. Bi Mkubwa akafika kwenye mkeka wa Mwanahawa, akauinamia, nikaona mdomo unafunguka. Nikakohoa. Akanitazama, akaufunga. Kisha akavua viatu, akaketi juu ya mkeka ule, na hapo hapo akaandika majina ya watakaoendelea na masomo. La Mwanahawa alilisoma katikati ya mengine, sauti ile ile. Mtoto aliangalia chini, lakini vidole vyake vilitulia, havikutafuta pa kufumua.

Mwaka huu nimeacha kazi, macho yamechoka kufuata chane. Namshukuru Mungu, wengi nimewafundisha kwa kuwasifu, na sijuti. Ila wapo wanaoikimbia sifa, na hao si wakaidi wala hawana kiburi. Ukimsikia mama au mwalimu analalamika kuwa mtoto wake hatiwi moyo na sifa, msimulie haya, naye amsimulie mwingine. Mwambieni amuulize mtoto kwanza anaogopa nini.