Picha Zilizokaribia Dari

Niliporudi nyumbani Waithaka kumpakia mama sebule rangi mpya, niliamua kumaliza jambo lililonishangaza tangu utotoni. Kwa nini picha zetu zilitundikwa juu kabisa karibu na dari, tena zimeinamia mbele? Huko Karen, mtaa wa matajiri, kwenye nyumba ninazopaka rangi, picha hukaa usawa wa macho. Nikazishusha zote, nikazitundika upya usawa wa macho zikiwa zimenyooka ukutani, nikasimama katikati ya sebule nikijisifu.

Mama akaingia na chupa ya chai, akazitazama. "Hebu kaa."

Nikakaa kwenye kochi, juu ya vitambaa vyake vya kufuma. Kutoka pale chini, vioo vya picha vilijaa mwanga wa dirisha. Uso wa marehemu baba sikuuona.

"Hapa kwangu," mama akasema akimimina chai, "ni mgeni gani uliwahi kumwona amesimama?"