Mashahidi wa Sahani Moja

Juzi mwanafunzi wangu alileta insha yenye mashahidi watano, na wote aliwatoa kwenye jumbe za simu ya mjomba wake. Papo hapo nikasikia harufu ya sombe, majani ya muhogo yakitwangwa.

Nami, nikiwa mwanafunzi, niliwahi kuandika hivyo, kwamba watu wa ng'ambo ya mto ndio walioiba mabati ya shule yetu. Mashahidi wangu watatu walikuwa mama, tantine, yaani dada yake, na nyanya. Madamu, mwalimu wetu, aliyakata majina yote kwa kalamu nyekundu ya biki.

"Hawa batatu banakula ku sahani moja," alisema. "Ni shahidi moja. Tafuta bengine."

Nilidhani anamtukana mama. Risasi kati yetu na watu wa ng'ambo zilikuwa zimenyamaza, lakini watoto wa kwetu hawakuvuka daraja. Nilivuka mchana ule ule, kwa hasira, nikatafute mtu wa kule akiri wizi ili nimwaibishe Madamu.

Kule mama mmoja alikuwa anatwanga sombe, na uwanja mzima ulinuka majani mabichi. Nilimwuliza nani aliiba mabati yetu. Hakuacha kutwanga.

"Ata mabati ya masomo yetu baliiba. Siye tulisema ni nyiye."

Nilitazama alikoonyesha kwa kidevu. Darasa la shule yao nalo halikuwa na paa.

Nikayaandika maneno yake. Jioni mama aliyasoma akanirudishia daftari.

"Futa. Batu batasema tuko upande yabo."

Sikufuta. Nilipitisha biki tena juu ya herufi zile zile, moja moja, nikakandamiza mpaka yakatokeza nyuma ya karatasi.