"Mwewe" wa shemeji yangu Gulwe: siku mbili na kamera, nikiwahi msumeno

Wakuu, salamu. Wadogo zangu, marahaba hata kama hamjaniamkia.

Ninayoandika nimeyaona kwa macho yangu na picha ninazo. Anayetafuta makosa ya herufi atachoka, niliishia darasa la tatu.

Mwaka 1974, nikiwa na miaka tisa, baba alifariki. Shule ikafia hapo. Kazi yangu ya kwanza ilikuwa kufukuza ndege kwenye mtama wa watu, kombeo mkononi, ujira ni uji. Nikawachukia ndege wote duniani.

Sasa oneni maajabu. Uzeeni nimenunua kamera yenye lenzi ndefu kama bomba la moshi la trekta, nawafuata ndege wale wale. Hasa wanaowinda. Mke wangu anasema nimerogwa. Labda.

Twende kwenye mkasa.

Jumatano moja nilikwenda Gulwe kwa shemeji yangu Mama Neema, mke wa mdogo wangu. Nikamkuta amevimba. Vifaranga sita wamepotea, na juu ya mgunga nyuma ya nyumba kuna kiota. Ameshaita mtu wa msumeno aje Jumamosi kuuangusha mti, kiota na kinda lake humo humo.

"Ni mwewe gani?" nikauliza.

"Shemeji, mwewe ni mwewe. Au nimuombe kitambulisho?"

Kwetu kila ndege mwenye mdomo wa ndoana ni mwewe, na mwewe ni mwizi. Jina tu limeshamfunga.

Nikavuta zoom, nikamwambia kwa kujiamini kwamba huyo ni kipanga. Nikatupia picha kwenye group letu la ndege la WhatsApp. Binti mmoja, mwanachuo wa hapa Dodoma, akajibu: "Shikamoo mzee. Samahani, huyo si kipanga. Angalia miguu."

Wakuu, iliniuma. Mimi niliyekua na ndege!

Nikaangalia. Miguu mitupu, magamba matupu, rangi ya majivu, wakati ya kipanga ni ya njano. Macho ya njano. Kichwa kikubwa kama cha bundi. Mwili wote kahawia.

Binti akamalizia: "Ni tai mla nyoka, mzee. Kuku hawamhusu sana."

Nikampelekea shemeji habari. Alicheka mpaka akashika ukuta.

"Kwa hiyo simu imekuambia hali kuku. Niletee ushahidi kabla ya Jumamosi. La sivyo mti kuni, ndege mboga."

Alhamisi nikajibanza nyuma ya rundo la mabua ya mtama tangu alfajiri. Nilichopata ni siafu.

Ijumaa, saa nne asubuhi, mama ndege akaja akitokea upande wa choo, mkia wa nyoka unaning'inia mdomoni kama tambi. Akatua kiotani. Kinda likaukamata ule mkia, likavuta. Mama anarudi nyuma, kinda linavuta, nyoka anatoka, anatoka, haishi. Kidole kimeganda kwenye kitufe, napiga tu. Nilicheka peke yangu mpaka mbuzi wakaacha kula wakaniangalia.

Nikamwonyesha shemeji kwenye kioo cha kamera. Akauliza taratibu:

"Huyo nyoka katoka wapi?"

"Nyuma ya choo chako."

Akachukua simu, akampigia mtu wa msumeno. "Baba, ule msumeno usije nao. Mti una mlinzi."

Tulipozunguka banda la kuku tukakuta tundu chini ya ukuta, na nyayo za nguchiro zimejaa. Tukaziba kwa mawe. Tangu siku ile hajapotea kifaranga.

Nilichojifunza: ukishampa kiumbe jina baya humtazami tena. Na ukisahihishwa na mtoto, meza. Yule binti sasa ananiita mwanafunzi wake, na mimi naitika.

Ninyi kwenu huyu mnamwitaje? Semeni hapo chini. Mwenye picha aweke, ila miguu ionekane.

Mimi niliyelipwa uji leo nina nyumba Ipagala, mashine mbili za kusaga Kibaigwa, ng'ombe kumi na mmoja, kamera moja, na picha ya kinda likivuta nyoka, ambayo siiuzi. Mgunga wa Gulwe si wangu, lakini nauhesabu.